Kila Wimbo Una Chumba Chake

Desemba iliyopita nilimngoja mwimbaji mmoja kwenye nyasi za Nairobi kuanzia saa mbili usiku. Tiketi ilisema milango itafunguliwa saa nane mchana. Haikusema yeye ataimba saa ngapi. Walipita madijei wanne, washereheshaji wawili waliotuuliza kila baada ya nusu saa kama tuko hapo (tungekuwa wapi?), na wasanii ambao majina yao yalikuwa yameandikwa kwenye bango kwa herufi ndogo kama masharti ya mkopo. Yeye alipanda jukwaani saa kumi kasoro dakika ishirini alfajiri. Aliimba nyimbo tano. Katika mbili kati ya hizo, sauti ya kwenye rekodi iliendelea kuimba hata alipoitoa maiki mdomoni ili atusalimie. Dakika ishirini na tano baadaye alikuwa ameshuka, nami natafuta boda, viatu vimejaa matope, najaribu kujishawishi kwamba nimemwona.

Ukweli ni kwamba niliona skrini. Yeye mwenyewe alikuwa kitu kidogo chenye koti jekundu, mbali, nyuma ya ua wa chuma na nyuma ya meza za VIP zenye vitambaa vyeupe, ambako watu walikuwa wameipa steji mgongo ili wajipige picha.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba huyohuyo nilikuwa nimemwona miezi michache kabla, kwenye bustani ya mkahawa mmoja huku Kilimani. Tulikuwa watu mia mbili hivi. Gitaa moja, kinanda, mpiga kahoni, basi. Aliimba karibu saa mbili nzima. Katikati ya wimbo ambao sote tulikuwa tumeujia, akasahau ubeti wa pili. Akasimama, akacheka. Msichana aliyekuwa ameketi kando ya tangi la maji akaushika ubeti pale ulipodondoka, tukamfuata, na mwimbaji akatuachia hadi kiitikio. Nilienda nyumbani na matatu ya mwisho nikiwa na furaha ambayo siku ile ya Desemba, kwa bei mara nne, sikuipata hata robo yake.

Sasa, ni rahisi sana kumalizia hapa. Kidogo ni kitamu, kikubwa ni biashara, zamani ilikuwa bora, asanteni. Hayo nimeyasikia kwa wajomba zangu na nimeanza kuyasikia kwa wenzangu wa miaka ishirini na sita, na siyaamini. Kuna shoo kubwa zilizonipa kitu ambacho bustani ya mkahawa haiwezi kunipa hata kwa miaka kumi. Kwa hiyo swali langu ni lingine: usiku ule wa Desemba, ni nini hasa kilichoniibia starehe yangu? Ni ukubwa wa uwanja, au ni kitu kingine ambacho ukubwa unasingiziwa tu?

Tuanze na umbali, maana huo una hesabu yake. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Ukisimama mita 100 kutoka jukwaani, mpigo wa ngoma unakufikia baada ya karibu theluthi moja ya sekunde, lakini mkono wa mpiga ngoma umeshauona ukishuka, maana mwanga haungoji mtu. Ndiyo sababu mafundi wa sauti kwenye viwanja vikubwa husimamisha minara ya spika katikati ya umati na kuichelewesha kidogo kwa makusudi, ili sauti ya spika iliyo karibu nawe iende sambamba na ile inayotoka mbele. Wakifanya kazi vizuri huwezi kujua. Wakikosea, au wakikosa pesa za minara hiyo, wewe wa nyuma unasikia wimbo mara mbili, na mwili wako unashindwa kuamua ucheze na upi.

Halafu kuna safari ya kurudi, ambayo watu huisahau. Sauti yetu sisi mashabiki nayo inachukua muda kumfikia mwimbaji. Wa mbele wanamfikia mapema, wa nyuma wamechelewa, na kiitikio kinamrudia kama wimbi linalovunjika vipandevipande. Wengi wao siku hizi wameziba masikio kwa vile visikizio vya jukwaani, vinavyowaletea muziki tu. Kwenye bustani ile, tuliposhika ubeti uliosahaulika, alitusikia palepale na akabadilisha alichokuwa akifanya. Uwanjani tungeweza kuimba mpaka koo zipasuke, na yeye angeendelea na mpangilio wake. Furaha ya shabiki, kwa maoni yangu, ina nusu mbili: kumsikia unayempenda, na kujua kwamba naye amekusikia. Nusu ya kwanza inaweza kununuliwa kwa spika. Ya pili spika haziileti.

Watu wa Pwani walilijua hili zamani. Kwenye taarab kuna kutunza. Mwanamke anasikia mstari unaomgusa, au unaomgusa jirani yake aliyeketi meza ya pili, ambayo ni tamu zaidi. Anainuka. Anaenda mbele kwa mwendo wa madaha, noti mkononi, anaipeleka hadi kwa mwimbaji, na ukumbi mzima unajua ameipeleka kwa mstari upi na kwa sababu gani. Ile noti ni pesa, ndiyo, lakini pia ni jibu. Mwimbaji akiiona ataurudia mstari, bendi itauzungusha, na wimbo uliokuwa wa dakika saba utafika dakika kumi na tano. Desturi hiyo ina sharti moja la ujenzi: lazima mtu aweze kutembea kutoka kwenye kiti chake hadi kwa mwimbaji. Weka ua wa chuma na mabaunsa katikati, na kutunza kumekufa. Kinachobaki ni kununua tiketi ya VIP, yaani kulipa kabla hujasikia chochote, tena kumlipa mwingine.

Huo ndio upande wa chumba kidogo. Twende upande wa pili.

Novemba 2023, Sauti Sol waliaga kwenye Sol Fest pale Uhuru Gardens. Kundi lililoanza mwaka 2005 kwa sauti tupu, vijana wa shule wanaoimba bila vyombo, lilikuja kufunga ukurasa kwenye uwanja ambako bendera ya Kenya ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Je, ule usiku ungekuwa mtamu zaidi kama wangeagia kwenye ukumbi wa watu mia tatu? Hapana, hata kidogo. Nyimbo zao zilikuwa zimeshaacha kuwa zao. Zilikuwa za harusi zetu, za prom zetu, za matatu zetu, na za yule mtu ambaye hatuongei naye tena. Ili kuziaga ilibidi tuwe wengi, tuwaone wageni wakiimba maneno yaleyale tuliyodhani ni siri zetu. Kuna upweke fulani ambao huponywa na umati tu. Unagundua kwamba kumbe watu elfu kadhaa walilia kwa wimbo uleule, kila mtu chumbani kwake, na hamkuwa mkijuana.

Kwa hiyo nyimbo zina vyumba vyake. Kuna wimbo ulioandikwa ili upumuliwe sikioni, na ukiupeleka Kasarani unakuwa kama mtu anayenong'ona sokoni. Kuna wimbo wa kiitikio kipana, ambao kwenye mkahawa unakaa kama sofa kubwa kwenye chumba cha single: umeingia, lakini hakuna pa kupita. Msanii mwerevu anajua ana nyimbo za aina zote mbili, na anapanga usiku wake kwa kuzingatia hilo.

Mfano mzuri wa werevu huo uko mbali na sisi, kwenye ziara ya Eras ya Taylor Swift. Ilianza Machi 2023 ikamalizika Desemba 2024, maonyesho 149 katika mabara matano, Afrika haikuwamo. Ni viwanja vya mpira, makumi ya maelfu ya watu kila usiku, zaidi ya saa tatu za kuimba. Lakini angalia alichokificha ndani ya ukubwa ule. Kila usiku kulikuwa na sehemu ambapo bendi na wachezaji waliondoka, akabaki na gitaa, kisha piano, akaimba nyimbo za ghafla ambazo mashabiki wa mji ule hawakuzijua mapema. Alijenga chumba kidogo katikati ya uwanja. Kilichowafurahisha mashabiki hakikuwa gitaa lenyewe. Ilikuwa ni kujua kwamba kilichotokea usiku huu, hapa, ni chetu. Nao mashabiki wakamalizia ujenzi: wakawa wanatengeneza bangili za shanga nyumbani na kubadilishana na watu wasiowajua kwenye foleni. Uwanja ukawa na majirani.

Nikirudi kwenye usiku wangu wa Desemba nikiwa na hayo kichwani, naona kwamba ukubwa haukuwa mwizi. Umbali ulichukua kidogo. Kilichochukua kingi ni muda. Dakika ishirini na tano! Kwa muda huo hakuna mwimbaji anayeweza kujenga chumba chochote. Hawezi kuimba wimbo mpya, kwa sababu ana nafasi ya nyimbo tano na watu wamelipia zile tano wanazozijua. Hawezi kusahau ubeti na kucheka. Hawezi kuteremsha sauti, maana aliyemtangulia alituacha kwenye kelele na anayefuata ameshaanza kujaribu maiki. Anafanya kinachowezekana: anapanda, anapiga zinazojulikana, anashuka, anapanda gari.

Mbona basi shoo zetu nyingi ziko hivyo? Hapa ndipo ukumbi na mpangilio vinapokutana, na ndipo ninapotaka tuwe wakali kidogo, kwa sababu tumezoea kuwalaumu wasanii pekee.

Tafakari promota anayetaka kuandaa shoo ya watu elfu nane hapa Nairobi. Hana jengo. Anakodi kiwanja, na kiwanja ni nyasi. Jukwaa anakodi. Jenereta anakodi, na la pili la dharura. Spika, taa, skrini, mahema, vyoo, ua, walinzi, ambulensi, vyote vinakuja kwa lori na vinaondoka kwa lori, na mwezi ujao mwingine ataanza tena sufuri palepale. Kabla mtu hajaimba hata noti moja, pesa nyingi zimeshazikwa kwenye nyasi. Ili zirudi, anahitaji umati mkubwa. Ili apate umati, hathubutu kutegemea jina moja. Anaweka majina kumi na mawili kwenye bango. Ukigawanya usiku mmoja kwa majina kumi na mawili, pamoja na kubadilisha vyombo na hotuba ya mdhamini, unapata dakika ishirini na tano kila mmoja. Na kwa kuwa mdhamini mara nyingi anauza pombe, si hasara kwake ukingoja saa saba. Unakunywa.

Angalia mnyororo huo vizuri. Tunakosa kumsikia mwimbaji kwa sababu hatuna nyumba ya kumsikilizia. Tuna vyumba vidogo vizuri: bustani ya Alliance Française pale katikati ya jiji, Kenya National Theatre, mikahawa na baa zenye kona ya bendi. Tuna viwanja: Uhuru Gardens, Ngong Racecourse, Carnivore, Kasarani. Katikati kuna pengo. Msanii aliyejaza watu mia tatu mara tano, ambaye kwa haki angepaswa kuhamia ukumbi wa elfu mbili, kisha wa elfu nne, anaruka moja kwa moja hadi kwenye nyasi, na huko anakuwa jina la saba kwenye bango. Hakuna ngazi. Ni kama kutoka gredi ya nne hadi chuo kikuu, halafu tunashangaa mbona anafeli mtihani.

Kigali wameweka daraja moja la ngazi hiyo. BK Arena ilifunguliwa mwaka 2019, watu 10,000 chini ya paa, na Desemba 2023 Kendrick Lamar aliimba humo katika mwanzo wa ziara ya Move Afrika ya Global Citizen. Februari 2025 akafuata John Legend. Wakenya tulipanda mabasi na ndege, tukaenda, tukarudi tukilalamika mtandaoni kwamba nchi ndogo imetushinda. Lakini tusidhani kilichotushinda ni ile mistari mikubwa ya wageni. Faida ya jengo ni ya kila siku. Umeme upo, viti vipo, vyoo vipo, fundi anaujua mwangwi wa mahali pale kama anavyojua sauti ya mama yake. Shoo ikiwa ya saa mbili, inaanza saa mbili. Ndivyo ziara za dunia zinavyoendeshwa: malori yanatoka kwenye ukumbi mmoja usiku, asubuhi yako kwenye mwingine unaofanana nao. Kwetu kila kituo ni kuanza upya, ndiyo maana wakubwa wanaturuka, na ndiyo maana, jambo ambalo huniuma zaidi, wasanii wetu wenyewe hawafanyi ziara nchini mwao. Wakienda Kisumu, Nakuru au Eldoret, wanaenda kwenye klabu, wanaimba nyimbo sita juu ya rekodi ya dijei saa nane usiku, wanarudi. Shabiki wa Kisumu hajawahi kusikia albamu nzima ikipigwa na bendi. Anajua uso wa msanii wake, sauti yake halisi haijui.

Nitaambiwa: jengo la elfu kumi ni mabilioni, tungoje serikali. Sawa, wanaojenga wajenge. Lakini mpangilio unaweza kubadilika kabla ya saruji, na mfano wa kutufunza hauko Marekani pekee.

Mwaka 2025 Bad Bunny alikataa kuanza kwa kuizunguka dunia. Alipiga kambi nyumbani kwao Puerto Rico, kwenye ukumbi mmoja jijini San Juan, zaidi ya maonyesho 30 kuanzia Julai hadi Septemba, na yale tisa ya kwanza yakatengewa wakaazi wa kisiwa. Dunia ikamfuata. Watu waliandika kana kwamba amegundua moto. Adele mwaka uliotangulia alikuwa amefanya yake Munich, usiku kumi kwenye uwanja uliojengwa kwa ajili yake tu, na skrini yenye upana wa zaidi ya mita 200. Hata huo ni aina ya kupiga kambi, japo skrini ya ukubwa huo inakiri wazi kwamba mwimbaji yuko mbali.

Lakini bwana, kupiga kambi ni jambo letu la zamani. DDC Mlimani Park Orchestra ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1978, ilichukua jina lake kutoka kwenye baa iliyokuwa ikipigia. Fikiria hilo: bendi inaitwa kwa jina la ukumbi wake. Hapa Nairobi, Simba Wanyika, Les Wanyika, Super Mazembe na Virunga ya Samba Mapangala zililelewa na klabu za jiji, usiku baada ya usiku. Shabiki hakuhitaji kubahatisha. Alijua bendi iko wapi na siku gani. Akikosa pesa wiki hii, anaenda ijayo. Wimbo mpya anausikia ukiwa mbichi, anausikia tena ukiwa umebadilishwa kwa sababu watu hawakuinuka, na unapofika kwenye sahani ya santuri yeye ni shahidi wa utoto wake. Hiyo ni starehe ambayo tamasha la mara moja kwa mwaka halina namna ya kuitoa, hata likiwa na fataki.

Na haijafa. Nenda baa za Thika Road wikendi usikie mugithi. Mtu mmoja, gitaa moja, na watu wameshikana viuno, wamejipanga kama behewa za treni, ambalo ndilo neno lenyewe. Mwimbaji anakujua kwa jina. Unaomba wimbo, anaupiga, anakutania ndani yake. Kuna ohangla za namna hiyo pia, na usiku wa rumba wa siku zisizo za wikendi. Sisi wa playlist tunaweza kuzidharau shoo hizi kuwa za wazee na walevi, lakini ukipima kwa kipimo changu, kwamba mwimbaji amekusikia, zinazishinda zote za Uhuru Gardens. Blankets & Wine nayo, kabla haijawa kubwa, ilianza mwaka 2008 na Muthoni the Drummer Queen kama pikiniki: shuka chini, chakula chako, bendi mbele yako. Kizazi kizima cha wasanii wa jiji hili kilijifunza kuimba mbele ya watu walioketi karibu kiasi cha kuonekana wakipiga miayo.

Hata tamasha la bendi nyingi linaweza kupangwa kwa heshima. Sauti za Busara imekuwa ikifanyika Zanzibar tangu 2004, na nyumba yake ya miaka mingi ni Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe: kuta za mawe, anga juu, na sharti kwamba muziki upigwe moja kwa moja. Kuta zenyewe zinaweka kikomo cha umati. Sharti linaweka kikomo cha udanganyifu. Hapo majina mengi hayamaanishi vipande vya dakika ishirini na tano juu ya pleibeki.

Lazima pia niseme kitu dhidi ya chumba kidogo, maana kinaweza kuua. Desemba 2022, Asake alikuwa akiimba Brixton Academy, London, ukumbi wa watu wasiofika 5,000, wakati jina lake lilikuwa limekua haraka kuliko ukumbi ule. Nje walijaa watu, milango ikasukumwa, msongamano ukaua watu wawili. Ukumbi ulifungwa hadi Aprili 2024. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Novemba 2021 huko Houston, uwanja mkubwa wazi wa tamasha la Astroworld la Travis Scott ulikuwa umeua watu kumi kwa msukumano wa aina hiyohiyo. Kwa hiyo chumba kinachoua si kidogo wala si kikubwa. Ni kile ambacho hakikupimwa na idadi ya watu watakaokuja. Tunapobanwa kwenye lango moja saa nne usiku, tukicheka na kurekodi, tusidhani ni sehemu ya raha. Ni onyo.

Na ule ua wa VIP? Huo una madhara yake ya polepole. Unawaweka mbele wanaoweza kulipa, ambao mara nyingi wamealikwa na mdhamini na hawajui hata kiitikio, na unawarudisha nyuma waliojifunza maneno yote kwenye simu yenye skrini iliyopasuka. Mwimbaji anatazama mbele, anaona watu wamekaa, wameshika glasi. Anadhani shoo imekufa. Kumbe iko hai, iko mita themanini nyuma, inaimba kwa nguvu zote, na sauti yake inafika imechelewa.

Ninachoomba ni kidogo, na hakihitaji saruji. Bangoni tuandikiwe msanii mkuu atapanda saa ngapi na ataimba kwa muda gani. Tuambiwe kama kuna bendi au ni rekodi. Ua wa VIP uwekwe pembeni, meza zikae kando, na mbele waachiwe wanaosimama. Na wewe msanii wangu, ambaye bado nakupenda hata baada ya ile alfajiri: badala ya Desemba moja ya nyasi, tupe Alhamisi nane kwenye chumba kimoja. Watu mia tatu, mara nane. Hesabu yake inafika watu 2,400, na kila mmoja atakuwa amekuona wewe, si koti.

Yule msichana wa tangi la maji nilimwona tena usiku ule wa Desemba. Alikuwa nyuma kabisa, karibu na vyoo, juu ya mabega ya mtu. Wimbo ule ulipopigwa, nao ukapigwa nusu, mwimbaji aliuruka ubeti wa pili ili awahi kumaliza. Msichana akauimba wote, peke yake, muziki ukiwa umeshahamia wimbo mwingine.